Mama Ameshaaga na Sisi Tikiti Hatuna

Jamani, nimechoka kusimuliwa habari zangu mwenyewe. Huyu ananiuliza Ugiriki kukoje, yule anashangaa mbona sikuungua na jua, na yupo mmoja, simtaji lakini anajijua, aliyekwisha kutangaza kanisani kwamba nilirudishwa uwanja wa ndege. Uwanja gani wa ndege? Mimi nilikwenda kwa gari langu bovu na nikarudi kwa gari langu bovu. Kaeni niwaeleze mara moja, halafu mniache nifanye kazi zangu.

Wazo lilianzia ghalani ninakofanya kazi. Msimamizi wetu wa zamu, mama mmoja mcheshi ambaye wazazi wake walitoka Ugiriki, huwa anatuletea vitafunio vya asali na karanga, na akishavileta lazima asimulie kisiwa cha bibi yake, Naksos. Nyumba nyeupe, mbuzi mlimani, bahari unaiona ukiwa jikoni. Shangazi yake ana vyumba vya wageni huko. Siku moja akaniambia, "Konsolata, mchukue mama yako mwende. Shangazi atawapokea vizuri." Nikacheka. Sisi na likizo wapi na wapi? Kule kambini Kigoma likizo ilikuwa shule zikifungwa, watoto wanajaa nyumbani na chakula hakitoshi. Lakini neno lile liliniingia likakataa kutoka.

Ngoja niseme lililokuwa moyoni. Bahari ilikuwa kisingizio. Nilikuwa namtaka mama. Mnajua mama yetu aliletwa Buffalo, mdogo wangu Goreti akaletwa Columbus, mimi nikaletwa hapa Okolona, Louisville, kwa sababu kule Kigoma kila mmoja alikuwa na faili lake la ukimbizi, na faili zikishapanda ndege tofauti hakuna anayeuliza kama nyie ni mtu na mama yake. Miaka yote hii nimemwomba ahamie kwangu. Jibu lake ni moja: "Nimeshahama vya kutosha." Alitoka Burundi akiwa msichana mwenye mtoto mgongoni, akahamishwa kambi hadi kambi, halafu Amerika. Nani angemlaumu? Lakini anazeeka peke yake, ghorofani, kwenye mji wa theluji, na mimi silali vizuri. Nikasema nikimpata wiki nzima kisiwani, bila simu za kanisa na bila Goreti kuniingilia, nitambembeleza mpaka aseme ndiyo. Hata hivyo Goreti nilimwita, kwa sababu asipoitwa hatasamehe mpaka parapanda ilie.

Tulipompigia mama simu, mimi na Goreti kwa pamoja, nilijua atakataa. Nikamwambia, "Mama, tunataka twende wote Ugiriki, kisiwani." Maswali yakaanza. Wanalima nini huko? Nikasema viazi, maana msimamizi wangu huvisifu sana viazi vya kwao. Mvua ipo? Ipo kidogo. Makanisa? Yamejaa. Zahanati? Goreti akasema ipo. Mama akavuta pumzi. "Basi twende, wanangu. Nimekubali." Nikaruka pale jikoni mpaka mume wangu Salvatori akaja mbio akidhani nimeungua mafuta. Hata sikujiuliza mgeni wa wiki moja anataka mvua ya nini.

Kwetu jambo kubwa halimaliziwi kwenye simu. Mnakwenda, mnakaa, mnakula, ndipo mnaongea: lini, na nani, na mtalala wapi. Kwa hiyo nikaomba ruhusa kazini nikafunga safari ya kwenda kupanga safari.

Okolona mpaka Columbus

Salvatori alibaki na watoto. Alinipakilia gari kama mtu anayefurahi kubaki. Sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa, dagaa wa Kigoma, unga, na ndizi mbichi alizozikuta kwenye duka la Wakongomani kule Newburg. Nikamwambia sombe aiweke kwenye boksi la barafu. Akasema ameshaweka. Hakuweka.

Niligundua darajani Cincinnati, foleni imesimama, lori mbele, lori nyuma, lori ubavuni. Nikasikia harufu, nikageuka, nikaona maji ya kijani yanatambaa kwenye kiti cha nyuma kuelekea begi langu la nguo. Nilimpigia Salvatori simu palepale. Sitaandika niliyomwambia. Yeye akajibu kwa upole wake unaoniudhi, "Mke wangu, si itakuwa imeshaiva ukifika?"

Nilifika kwa Goreti gizani, nanuka sombe kuanzia kiatu mpaka kilemba. Alikuwa ameahidi kwamba nitamkuta na begi mlangoni, tuondoke alfajiri. Nilimkuta na sufuria tatu jikoni na nyumba imejaa majirani. "Dada, ningekuachaje uende hivihivi? Wamekuja kukusalimu." Goreti ndivyo alivyo. Ukimwambia nyumba inaungua atauliza kwanza kama umekula.

Ana nyumba ya chini, yenye uwanja nyuma. Nilipoiona roho iliniuma kidogo, kwa sababu mimi nakaa ghorofa ya pili, na nilijua mama akiulizwa ataangalia udongo kwanza.

Kwa Goreti, Columbus

Kati ya wale majirani alikuwepo Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira, anayefanya kazi na Goreti kwenye nyumba ya wazee. Mzuri, mkarimu, na hana breki mdomoni. Tulikuwa tunakula, televisheni inaonyesha habari, na mwaka huu habari zimekuwa zilezile kila siku: watu kwenye boti za mpira, wanafika visiwani Ugiriki, wamevaa makoti ya kuelea, wamebeba watoto juu ya vichwa.

Mama Furaha akaacha kutafuna. "Donc ni kule munaenda? Kwenye batu banafikaka na maboti?"

Goreti akasema, "Siyo kisiwa hicho, ni kingine."

"Bon, lakini inchi ni moja. Batu banakimbia vita banaenda kule, na nyiye munatoka Amerika munaenda kule kupumuzika? Miye sielewe, dada. Muko na famille kule?"

"Ndugu hatuna."

"Hakuna famille, hakuna kazi, hakuna kilio. Sasa munaenda kufanya nini?"

Watu wakacheka. Mimi nikakasirika, na hasira yangu mnaijua, inaanzia masikioni. Nilimjibu kwamba Wazungu wanakwenda kila mwaka na hakuna anayewauliza nani amefiwa. Lakini usingizi ulikataa. Nilimwona mama mmoja kwenye ile picha, anashuka majini na mtoto mgongoni, na nilimfahamu ingawa sijawahi kumwona. Nikajiuliza nitakaaje ufukweni nile samaki.

Asubuhi tulichelewa, bila shaka. Goreti alikumbuka viatu, akakumbuka Biblia, akakumbuka kwamba amesahau kuzima jiko ambalo alikuwa ameshalizima.

Kandokando ya ziwa

Baada ya Cleveland barabara inafuata ziwa Erie. Goreti alishika usukani na anaendesha kama anabeba mayai. Mabasi ya shule yalitupita. Nilivumilia nikashindwa, nikaanza mengine.

"Goreti, nikuambie kitu. Huko kisiwani nitamwomba mama ahamie kwangu."

Hakugeuka. "Na mimi."

"Na wewe nini?"

"Na mimi nilikuwa nimepanga hivyohivyo, dada. Nimeshaandaa chumba. Nimepaka rangi."

Mungu wangu! Tukaanza pale, kwa Kirundi na Kiswahili na Kiingereza kidogo cha kutukanana. Mimi ni mkubwa. Yeye ana uwanja. Mimi nina wajukuu wake wanne wa kumchekesha. Yeye ana jiko la chini. Mimi nilimbeba mdogo wangu huyu mgongoni kwenye foleni za maji, leo ananijibu! Tulikuwa katikati ya hayo moshi ulipoanza kutoka kwenye boneti.

Tulijivuta mpaka kibandani pembeni mwa barabara ndogo, ambako mzee mmoja Mzungu, ndevu nyeupe na suruali ya kamba mabegani, alikuwa anauza zabibu. Ukanda ule wote ni mashamba ya zabibu, hewa yenyewe inanukia. Yule mzee hakuuliza neno. Alifungua boneti, akasubiri joto lipungue, akapata mpira uliopasuka, akaufunga kwa utepe mzito na kutujazia maji. Wakati tunasubiri alitupa zabibu nyeusi ambazo ganda lake linateleza kinywani, na vipande vya keki iliyojazwa zabibu hizohizo. Mimi na Goreti tulikuwa hatuongei, lakini tulikula.

"Mnakwenda wapi?" akauliza.

Kwa Kiingereza changu nikajibu, "Tunakwenda Ugiriki na mama yetu."

Akaliangalia gari. Akatuangalia sisi. "Kwa hili?"

Goreti alicheka mpaka keki ikampalia, na nilipompigapiga mgongo ugomvi ukawa umeisha, angalau kwa muda. Mzee alitupa boksi zima la zabibu tumpelekee mama. Nilitaka kulipa akakataa, akasema mama yake mwenyewe alikuwa anapenda zabibu. Tulipoondoka Goreti alisema kwa sauti ndogo, "Dada, vipi kama atamchagua mmoja wetu, na yule mwingine asipone?" Nikamwambia aongeze mwendo.

Buffalo

Mtaa wa mama una nyumba za mbao zilizobanana, ngazi ziko nje. Tulipoegesha tu, nikaona mwanamume anashuka ngazi za mama amebeba meza ya mama. Ile meza yenye mguu uliofungwa waya. Naijua.

Nilitoka garini kabla halijazimwa. "We! We mwizi! Weka hiyo meza chini!"

Yule bwana, amevaa tai, akasimama katikati ya ngazi, meza kichwani. "Mama, pardon, miye siko mwizi. Niko shemasi. Bibi amenipatia."

"Amekupa kwa nini? Yeye atakulia wapi?"

"Si munaenda naye ku kisiwa? Amegawa byote. Kitanda kimeenda tangu jana."

Nilimwangalia Goreti. Goreti alikuwa ameshika ukuta.

Juu, nyumba ilikuwa tupu. Jamani, tupu! Zulia lilikuwa limeacha alama mahali kabati lilipokuwa. Katikati ya chumba mama alikuwa amekaa juu ya sanduku, amevaa kitenge kipya, amechana nywele, miguu pamoja, kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe. Pembeni palikuwa na mfuko wa blanketi na kitambaa kilichofungwa mafundo. Alisimama akatukumbatia wote wawili kwa mpigo, akatusalimu kwa Kirundi, akafungua kile kitambaa kabla hata hatujakaa. Maharage ya mbegu na mbegu za lengalenga, mchicha wa kwetu, kutoka kwenye kale kashamba alikokuwa analima nyuma ya kanisa.

"Jembe watakuwa nalo huko," akasema. "Lakini mbegu mtu anakwenda nayo."

Ndipo nikaelewa, na nikatamani sakafu inimeze. Mama huyu katika maisha yake yote hakuwahi kuambiwa "twende" ikawa na maana ya kwenda na kurudi. Alipoambiwa twende mara ya kwanza hakurudi. Ya pili hakurudi. Ya tatu alipandishwa ndege. Sasa watoto wake wamempigia simu kwa pamoja, wamemwambia twende wote, kuna viazi, kuna kanisa, kuna zahanati. Na kwenye televisheni ameona kwa macho yake watu wenye watoto wanapokelewa. Angeelewaje vingine? Mwenye nyumba alikuwa ameshaambiwa na ameshapata mpangaji.

Nilifungua mdomo nimwambie. Mlango ukafunguliwa, wakaingia kina mama wa kanisa wakiimba, wamebeba sufuria.

Walikuja kumuaga. Wali, kuku, maharage yenye ndizi, mikate ya kukaanga. Tulikaa sakafuni kwa sababu viti vilikuwa vimeshakuwa vya watu. Kila mmoja aliomba, na kila aliyeomba alitaja kisiwa. Mimi niliyezaliwa na njaa, sahani yangu nilimsogezea Goreti. Goreti alikuwa ananibinya goti kila wimbo ukiisha, maana yake wewe ndiye mkubwa, sema. Nami nambinya, maana yake nyamaza.

Halafu mama akasimama kushukuru. Alisema, "Mnajua nilikuwa nakataa kuondoka hapa. Mlidhani ni ukaidi. Watoto wangu hawa kila mmoja ananitaka, na ningekwenda kwa mmoja ningemuumiza mwingine, nikaona bora nibaki na baridi yangu. Sasa wamepata mahali ambapo si kwa Konsolata wala si kwa Goreti. Tutakaa wote. Nitakufa nikiwasikia wote wawili wanagombana jikoni." Watu wakapiga vigelegele. Goreti akakimbilia bafuni.

Walipoondoka tulibaki watatu. Nilimshika mama mikono, nikasema haraka kabla ujasiri haujanitoka. "Mama, ni likizo. Ni wiki moja."

"Wiki moja nini?"

"Tunakaa wiki moja. Tunapumzika, tunakula samaki, tunaongea."

"Halafu?"

"Halafu tunarudi."

Aliangalia chumba kile, kuta, alama ya kabati. "Tunarudi wapi?"

Goreti alilia kwa sauti kama mtoto. Mama alikaa juu ya sanduku lake, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikapiga magoti. Alikuwa anacheka, akaapa kwa Kirundi, kwa aliyempa ng'ombe. "Yampaye inka! Mtu anapanda ndege kuvuka bahari, kwenda kukaa wiki moja mahali ambapo hana ndugu, halafu anarudi kazini? Nyie watoto mmekuwa Wazungu lini?" Tukacheka wote, tunalia na kucheka, hatujui tushike lipi.

Nilimwambia niende nikakusanye vitu, nianze na shemasi na ile meza yake. Akakataa katakata. "Nimeshaaga, Konsolata. Watu wameniombea, wamenipikia. Kesho niwatokee kanisani niseme nipeni kitanda changu? Wala msiwaambie. Nitaondoka kama nilivyoaga."

"Uende wapi, mama?"

"Gari ni lenu," akasema. "Mimi nimeshatoka."

Kurudi

Tuliondoka asubuhi, mama nyuma na sanduku lake, mfuko wake na zabibu zake. Alikuwa anakula moja moja na kutema mbegu mkononi azitunze. Hakuuliza tunakwenda wapi. Kila nilipoangalia kioo nilimwona anatazama ziwa, na kile kitambaa cha mbegu kiko mapajani. Hicho ndicho kilichonivunja. Angeuliza ningejibu kitu, ningetania. Alikaa tu, kama alivyokaa zamani kwenye malori ya wakimbizi, akisubiri wengine waamue.

Mimi na Goreti tulikaa mbele. Nilijua anafikiria chumba alichopaka rangi. Mimi nilikuwa nafikiria ngazi zangu za ghorofa ya pili na zamu zangu, jinsi mama atakavyobaki anaangalia ukuta mpaka nirudi. Nilifikiria kwa upendeleo, nikafikiria tena bila upendeleo. Jibu lilikuwa lilelile na sikulipenda.

Tulifika Columbus jioni. Goreti alishuka, akachukua begi lake peke yake, akasimama kando ya gari. "Dada, nendeni mapema, barabara ya Cincinnati ina foleni," akasema. Alikuwa ananipa mama. Mtoto yule niliyembeba mgongoni alikuwa ananipa mama yetu!

Nilishuka. Nilifungua mlango wa nyuma, nikachukua sanduku, nikalipeleka mpaka mlangoni kwake. "Fungua nyumba, Goreti. Mama amechoka." Mama alishuka akaenda moja kwa moja nyuma, akainama, akachukua udongo akausugua kwa vidole. Nilimkumbatia nikaondoka kabla hajaona uso wangu. Kutoka pale mpaka Okolona nililia kwa sauti, na hakukuwa na wa kuniuliza.

Salvatori alikuwa ameniwekea chakula. Alisikiliza yote, tangu sombe mpaka udongo. Nilimaliza, akakuna kichwa. "Maghala Columbus si yapo?" akauliza. Nikamwambia yapo. "Na shule?" Zipo. "Basi wewe unalia nini?" Nimeolewa na mtu mzito wa maneno, lakini siku ile nilimshukuru Mungu kwa kila neno lake.

Kwa hiyo mnaouliza, Ugiriki hatukwenda. Msimamizi wangu nimemweleza, akalia na yeye, akasema shangazi bado anasubiri. Asubiri. Sisi tunahama shule zikifungwa.

Nilimpigia mama kumwambia. Nilisema, "Mama, tunakuja Columbus, mimi na Salvatori na watoto." Upande ule nikasikia Goreti anauliza nani huyo, na mama anamwambia nyamaza.

"Mnakuja wiki moja," akasema mama taratibu, kama mtu aliyeshajifunza, "au mnakuja?"

"Tunakuja, mama."